Kabla hatujafungua sanduku kwa ajili ya timu ya Marekani

Alhamisi iliyopita mkutano wetu wa akiba ulichelewa kwisha. Mahesabu yalikuwa yamekwisha somwa na wenye funguo tatu walikuwa tayari kufunga sanduku, ndipo mama mmoja wa kikundi akasimama na kuomba mkopo wa dola 350. Haukuwa wa mbegu, wala wa minervali, wala wa mgonjwa. Ulikuwa wa kijana wake wa miaka 17, yule mrefu ambaye wengi wetu tunamwona jioni akicheza basketi na wenzake. Bwana mmoja wa mjini amemwambia kwamba kuna timu ya Marekani, ya ule mpira wao wa kugongana, ambayo inachukua vijana bila kuwachagua. Inawasainisha mkataba moja kwa moja. Dola 350 ni za kufungua dosye.

Wako waliocheka. Hilo halikuwa jambo zuri, na tumekwisha kumwomba radhi. Yeye alituuliza swali moja tu: "Watoto wa wengine walifika kule namna gani?"

Hatukuwa na jibu. Kwa hiyo tulimwomba atupe wiki moja, tukaenda kuuliza. Mwalimu mmoja wa Kiingereza alitusaidia kusoma, na vijana wetu wenye simu walitutafutia. Haya ndiyo tuliyoyapata, na tunayaandika hapa kwa sababu mama huyu si wa kwanza kuambiwa maneno kama hayo, ila yeye ndiye wa kwanza kuyaleta mbele ya kikundi.

Jambo lililotushangaza kwanza ni kwamba bwana yule hakutunga kila kitu. Kusainishwa bila kuchaguliwa kupo kweli.

Mpira wenyewe si huu wetu. Unafanana na papai dogo, unashikwa kwa mikono, na wachezaji wanavaa kofia ngumu kwa sababu wanagongana kama mbuzi dume. Ligi yao inaitwa NFL na ina timu 32. Kila mwaka, mwezi wa nne, timu hizo zinachagua kwa zamu vijana waliokuwa wanacheza kwenye vyuo vikuu. Timu iliyofanya vibaya kuliko zote ndiyo kwa kawaida inayoanza kuchagua. Wanazunguka mara 7, basi. Mwaka 2024 yaliitwa majina 257. Vijana waliokuwa wanangoja jina lao ni maelfu.

Mzunguko wa mwisho ukiisha, simu zinaanza kulia. Timu zinawatafuta wale ambao hawakuitwa na kuwapa mkataba wa miaka 3, kwa mshahara wa chini kabisa wa ligi. Mwaka 2024 mshahara huo wa chini, kwa mgeni, ulikuwa dola 795,000 kwa msimu. Tulipousoma kwa sauti, mmoja wetu alisema: "Basi tukope wote!"

Lakini mwalimu alituambia tuendelee kusoma. Pesa hiyo inalipwa kidogo kidogo msimu ukianza, mwezi wa tisa, na analipwa yule tu aliyebaki kwenye timu. Timu inaingia kambini na wachezaji 90. Mwezi wa nane ukiisha inatakiwa kubaki na 53. Piga hesabu: wachezaji 37 kwa kila timu, mara timu 32, ni watu zaidi ya elfu moja wanaoambiwa warudishe vifaa. Baadhi yao wanabakizwa kwa ajili ya mazoezi tu, wakilipwa wiki kwa wiki, na wiki yoyote wanaweza kuondolewa. Yule ambaye hakuchaguliwa ndiye rahisi kumtoa, kwa kuwa timu ilimpa kitu kidogo sana siku ya kusaini. Kwake sahihi ni ruhusa ya kuingia kambini kujaribiwa. Nafasi kwenye timu bado hajaipata.

Wako waliopenya. Kurt Warner hakuchaguliwa mwaka 1994. Timu moja ikamwita kambini, ikamwacha. Akapata kazi ya kupanga bidhaa usiku kwenye duka la vyakula huko Iowa. Miaka mitano baadaye, msimu wa 1999, akatajwa kuwa mchezaji bora wa ligi nzima na timu yake ikachukua ubingwa. Wamarekani wanapenda sana kuisimulia hadithi hiyo, nasi tumeipenda. Lakini tusisahau wale elfu moja.

Je, kuna wa kwetu aliyepitia njia hiyo? Yuko Mkenya, Daniel Adongo, mzaliwa wa Nairobi. Mwaka 2013 timu ya Indianapolis Colts ilimsainisha bila kumchagua, na hakuwa amecheza hata mechi moja ya mchezo ule. Bwana wa mjini angeifurahia sana habari hiyo. Tatizo ni kwamba Adongo wakati ule alikuwa na miaka 23, tena alikuwa mchezaji wa kulipwa wa raga aliyekwisha kucheza New Zealand na Afrika Kusini. Walimfuata wakijua uzito wake, mbio zake na kazi yake. Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka ule aliingia uwanjani, Mkenya wa kwanza katika ligi ile. Alicheza mechi chache, na hakumaliza miaka mitatu kwenye timu.

Mkongomani tuliyempata katika mpira huo hakupita mlango wa wasioitwa. Tshimanga Biakabutuka alizaliwa Kinshasa, akakulia Canada, akasoma chuo kikuu cha Michigan, na mwaka 1996 aliitwa wa 8 katika nchi nzima. Yeye naye, pamoja na heshima yote hiyo, aliumia mara kwa mara, na mwaka 2001 jeraha la mguu likamtoa kabisa.

Mtoto aliyetufundisha zaidi ni wa basketi. Huko pia wanachagua kwa zamu, lakini mizunguko ni 2 tu. Vijana wetu wanajua jina la Jonathan Kuminga, mtoto wa Goma, hapo ng'ambo ya ziwa letu, aliyeitwa wa 7 mwaka 2021. Jina la Kuminga linatajwa kila uwanja. La Oscar Tshiebwe halitajwi sana, na ndiye tungependa mama yule amsikie.

Tshiebwe alizaliwa Lubumbashi mwaka 1999. Alikwenda Marekani akiwa kijana, na aliyempokea alikuwa shule, hakuwa timu ya kulipwa. Alimaliza sekondari katika jimbo la Pennsylvania, akaingia chuo kikuu cha West Virginia, kisha cha Kentucky. Kazi yake uwanjani ni ile ambayo wengi hawaipendi: kukamata mipira inayogonga chuma na kurudi, katikati ya viwiko vya watu. Msimu wa 2021 kwenda 2022 alikuwa anakamata 15 kwa kila mechi. Siku moja ya mwezi wa kumi na mbili alikamata 28. Mwaka ule walimtaja kuwa mchezaji bora wa vyuo vikuu vya Marekani yote.

Mama, mtu angedhani hapo mambo yamekwisha. Mtoto wa Lubumbashi ni wa kwanza darasani, nani atamkataa?

Tarehe 22 mwezi wa sita 2023 majina yalisomwa. Yalikuwa 58. La Tshiebwe halikuwemo. Alikuwa na miaka 23, na wakubwa wa timu walikuwa na mashaka naye: kwamba kimo chake hakitoshi kwa nafasi anayocheza, kwamba mchezo wa siku hizi unataka watu wanaokimbia na kutupa kutoka mbali. Tulipofika hapo kwenye kusoma, mama yule mwenye kuomba mkopo, ambaye alikuwa ameketi mlangoni kama mtu anayetaka kuondoka, alisogea ndani.

Baada ya hapo Indiana Pacers walimsainisha, hivyo hivyo, bila kuchaguliwa. Mkataba wake unaitwa wa njia mbili. Mguu mmoja uko kwenye timu kubwa, mwingine kwenye timu yake ndogo, na mshahara ni nusu ya ule wa chini wa mgeni. Sehemu kubwa ya mwaka alicheza kwenye timu ndogo, akiendelea kukamata mipira yake. Mwaka 2024 akahamia Utah Jazz, tena kwa mkataba wa namna ile ile. Si umaskini, hapana. Ila ni maisha ya mtu ambaye begi lake halifunguliwi lote.

Kuna kipande kingine cha habari yake ambacho mwalimu alikirudia mara mbili. Siku zile wachezaji wa vyuo walikuwa wameanza kuruhusiwa kulipwa kwa matangazo. Wenzake wa Kentucky walikuwa wanalipwa. Yeye, mchezaji bora wa nchi nzima, alikuwa na viza ya mwanafunzi, na viza hiyo ilimzuia kufanya kazi kama hiyo ndani ya Marekani. Ilibidi wangoje timu isafiri kwenda Bahamas, mwezi wa nane 2022, ndipo akafanye matangazo yake huko. Ikiwa karatasi moja ilimfunga mikono mtu anayejulikana hivyo, itakuwaje kwa mtoto wa Mumosho ambaye karatasi yake ameandikiwa na mtu wa barabarani?

Sasa turudi kwenye dola 350.

Katika habari zote tulizosoma, pesa inatoka kwa timu inakwenda kwa mchezaji. Wakala wa kweli wa NFL anapewa kibali na chama cha wachezaji, na haki yake haizidi dola 3 kwa kila 100, tena anaichukua baada ya mchezaji kulipwa. Kwenye ule mshahara wa 795,000, hiyo ni dola 23,850. Mtu mwenye tumaini la dola 23,850 atakimbizana na 350 za mama mwenye shamba la mihogo? Ada za viza zipo kweli, hatukatai. Zinalipwa mahali panapojulikana, kwa risiti yenye jina la mtoto. Na mwanafunzi anayekwenda Marekani anatumiwa kwanza na shule yake fomu inayoitwa I-20, ambayo inaonyesha shule ni ipi.

Halafu kuna umri. Hapa ndipo wote tulinyamaza. NFL haimchukui kijana mpaka miaka mitatu ipite tangu amalize sekondari. Ligi ya basketi haimchagui asiyefikia mwaka wa kutimiza 19. Hata katika mpira wetu wa miguu, FIFA inakataza kumhamishia mchezaji nchi nyingine kabla ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache, kama wazazi wenyewe kuhama kwa mambo yasiyohusu mpira. Kijana huyu ana 17 na yuko mwaka wa tano wa sekondari. Hakuna timu ya NFL inayoweza kumsainisha, hata kama angekuwa na nguvu za ng'ombe.

Watatu wetu tulikwenda nyumbani kwa mama huyo Jumatatu. Alitupokea vizuri, akatuonyesha karatasi aliyopewa. Ina picha ya timu na rangi nzuri, na mhuri. Haina jina la shule wala anwani, wala jina la mtu wa kupigia. Tulimwomba ampigie bwana yule tukiwapo, amwulize mambo mawili: shule ni ipi, na umri itakuwaje. Kuhusu shule alisema hilo litajulikana baadaye. Kuhusu umri alisema mama asiwe na wasiwasi, "utarekebishwa kwenye pasipoti," na kwa marekebisho hayo itahitajika dola 150 nyingine.

Mama alikata simu. Alikaa kidogo, halafu akasema kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemzaa, na tarehe anaikumbuka vizuri, mvua ilikuwa inanyesha.

Kuna dada mmoja kati yetu aliyeuliza, tukiwa njiani kurudi, kwa nini mabwana hawa hawaulizi kamwe habari za mabinti zetu wanaocheza. Tulicheka, lakini pengine ni afadhali wasiulize.

Kamati imekataa mkopo wa dosye. Imekubali kwamba mama huyo akihitaji mkopo wa minervali ya mwaka wa sita na ada ya mtihani wa Serikali, atakuwa wa kwanza kwenye orodha, na riba itakuwa ile ile ya kawaida. Wengine waliona hiyo ni upendeleo, na maneno hayo bado hayajaisha. Bwana wa mjini alikuwa ametoa mwisho wa Jumamosi, na amepiga simu mara nne tangu Jumatatu. Kijana mwenyewe amekasirika. Tulikutana naye juzi njiani kwenda kuchota maji, akatazama pembeni. Mama yake anasema usiku hali vizuri.

Sanduku litafunguliwa Alhamisi, saa nane mchana, mahali petu pa kawaida. Mwalimu wa Kiingereza amekubali kuja. Mwenye karatasi yoyote ya namna hiyo nyumbani, ya mpira, ya masomo au ya kazi ya nje, aje nayo, hata kama amekwisha kulipa. Hatutacheka.