Mchagua Jembe si Mkulima?

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Neno hilo nimeliheshimu tangu nikiwa chuoni, lakini mwezi uliopita, nilipokuwa Kakamega, nililazimika kuteta nalo.

Nilikwenda kumzuru binti wa marehemu dada yangu, aliyeolewa huko. Baada ya chakula akanitolea bahasha. "Mjomba, hizi ni fedha zangu za upatu. Nataka kamera ya kupigia picha maharusi. Wapiga picha wote niwajuao hapa ni wanaume, na siku ya kupamba wanaume hawaingii. Bi harusi hubakiwa na picha za simu zilizojaa kiza."

Likanichoma neno hilo. Mama yake mwenyewe hakupigwa picha hata moja siku ya kupambwa kwake, na binti huyu hajui mamake alikuwaje siku ile. Nazo fedha zile zilikuwa za miezi kumi. Kosa moja dukani lingezimaliza.

Muuzaji, kijana mchangamfu, akatuwekea kamera mpya na lenzi mbili: ya milimita 18 hadi 55, na ndefu ya 75 hadi 300. "Kwa hii ndefu, mzee, hata mbega wa msituni utamwona kope!" Kweli, mbega wamo katika Msitu wa Kakamega, lakini binti yetu hapigi picha mbega. Tena chini ya miti ile mna kiza, na lenzi ile ikivutwa mwisho tundu lake halizidi 5.6, wala haina kifaa cha kutuliza mtikisiko wa mkono.

Ndugu msomaji, tundu la lenzi ni kama dirisha la chumba, ila hesabu yake ni kinyume: nambari ikiwa ndogo, dirisha ni kubwa. Lenzi ya 18 hadi 55 ukiivuta nayo huishia 5.6. Lenzi ya milimita 50 yenye 1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi zaidi, nayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu.

Kwa kamera yenyewe, Canon EOS 2000D na Nikon D3500 zote zilitoka mwaka 2018, na zote zina megapikseli 24. Zinamtosha anayeanza. Makampuni yamegeukia kamera zisizo na kioo ndani, kwa hiyo hizi za kioo hupatikana kwa mkono wa pili. Ila D3500 haina mota ya kulenga ndani yake. Anayeichukua atafute lenzi yenye mota yake. Binti akachagua Canon iliyotumika, kwa kuwa shoga yake ana lenzi za Canon za kuazimana.

Nikaziinua lenzi kwenye mwanga kutazama kuvu. Sisi watu wa pwani twamjua adui huyo, na mvua za Kakamega humlea vilevile. Kisha nikamwomba muuzaji azime taa. Akacheka, akazima. Binti akanipiga picha kwa lenzi ya kwanza: nikatoka kama mzuka. Akanipiga kwa ile ya 50: ndevu zangu nyeupe zikahesabika.

Lakini lenzi hiyo katika kamera ndogo huona kama ya milimita 80. Chumbani haienezi ukoo mzima. Basi akachukua na ile ya 18 hadi 55 kwa picha za kundi. Ndefu ikabaki dukani, na chenji ikanunua betri ya pili na kadi ya kuhifadhia.

Njiani nikamuusia jambo moja: picha za kupamba ni amana, zisitoke mkononi mwake ila kwa mwenyewe bi harusi. Akanijibu, "Kwani mjomba, wadhani wataniita kwa sababu gani?"

Nikanyamaza. Mkulima alikuwa anajua shamba lake kabla sijafika na jembe.