Roboti na gesi ya haidrojeni zinavyobadilisha kazi ya maghala

MNUNUZI anayeagiza viatu au kitabu kupitia intaneti huwa hajui ni watu wangapi na mashine ngapi zitakazoishughulikia bidhaa hiyo kabla haijafika mlangoni pake.

Katika mataifa yaliyostawi kiviwanda, shughuli hiyo hufanyika ndani ya maghala yenye ukubwa wa viwanja kadhaa vya kandanda, ambayo hayafungwi usiku wala mchana.

Kwa muda wa miaka 20 hivi sasa, maghala hayo yamepata wageni wawili. Wa kwanza ni roboti zinazobeba rafu bila dereva. Wa pili ni foklifti, yaani magari ya kuinulia shehena, zinazoendeshwa kwa gesi ya haidrojeni badala ya betri.

Wengi huyachukulia mambo haya mawili kuwa pacha. Ukweli ni kwamba kila moja lilizaliwa na tatizo lake, na anayetaka kuelewa mustakabali wa ajira ghalani hana budi kuyatenganisha.

Rafu inayomfuata mfanyakazi

Tatizo la kwanza lilikuwa kutembea. Katika ghala la kawaida, mfanyakazi hushika orodha ya bidhaa na kuzunguka baina ya rafu akizitafuta. Sehemu kubwa ya zamu yake huishia miguuni.

Mmarekani Mick Mountz, ambaye awali alifanya kazi katika Webvan, kampuni ya kuuza vyakula kwa intaneti iliyofilisika mnamo 2001, alianzisha kampuni ya Kiva Systems mwaka wa 2003 ili kuigeuza hali hiyo. Badala ya mtu kuifuata rafu, rafu ndiyo imfuate mtu.

Roboti zake ni fupi na bapa. Hupenya chini ya rafu, huiinua kidogo na kuipeleka hadi kwa mfanyakazi aliyesimama mahali pamoja. Hujua zilipo kwa kusoma alama zilizobandikwa sakafuni, huku tarakilishi kuu ikizipangia njia ili zisigongane.

Amazon iliinunua Kiva mwaka wa 2012 kwa dola milioni 775. Kufikia katikati ya 2025, kampuni hiyo ilitangaza kuwa roboti zake zilikuwa zimefika milioni moja katika maghala zaidi ya 300.

Hata hivyo, mguu kupumzika si sawa na mwili kupumzika. Rafu zinapokuja bila kukoma, mkono nao hauna nafasi ya kutua. Kuinama, kunyoosha na kugeuka kule kule mara mamia kwa zamu huumiza mabega, mgongo na viwiko.

Malalamiko kuhusu kasi hiyo yalifika katika mabunge. Mnamo 2021, jimbo la California lilipitisha sheria inayoyataka maghala makubwa kuwaeleza wafanyakazi kiwango cha kazi wanachotarajiwa kutimiza, na kupiga marufuku viwango vinavyowanyima muda wa kula au kwenda msalani.

Mnamo Desemba 2024, kamati moja ya Seneti ya Marekani ilitoa ripoti iliyohusisha kasi ya kazi katika maghala ya Amazon na majeraha ya wafanyakazi. Kampuni hiyo ilipinga matokeo ya ripoti hiyo.

Roboti zenyewe pia zina ajali zake. Nchini Uingereza, ghala la Ocado mjini Andover liliteketea Februari 2019 baada ya moto kuanzia kwenye roboti moja. Miaka miwili baadaye, Julai 2021, roboti tatu ziligongana katika ghala jingine la kampuni hiyo huko Erith na kusababisha moto.

Betri inayolala saa 16

Tatizo la pili lilikuwa la kawi. Foklifti za dizeli au gesi ya kupikia hutoa moshi, kwa hivyo hazifai ndani ya ghala lililofungwa, hasa lenye vyakula. Ndiyo maana maghala mengi yalichagua foklifti za umeme zenye betri za risasi na asidi.

Betri hizo ni nzito, nyingine zikipita tani moja. Utaratibu wake wa kawaida ni huu: hufanya kazi saa nane, huchajiwa saa nane, kisha huachwa ipoe saa nane.

Hii ina maana kwamba ghala lenye zamu tatu kwa siku huhitaji hadi betri tatu kwa kila foklifti, chumba maalumu cha kuzichajia na mtambo wa kuzibadilishia. Aidha, betri hupungua nguvu kadiri inavyoishiwa na chaji, na foklifti huanza kujikokota kabla zamu haijaisha. Katika vyumba vya baridi kali, hali huwa mbaya zaidi.

Hapo ndipo haidrojeni ilipopata mlango wa kuingilia.

Foklifti ya haidrojeni bado ni gari la umeme. Tofauti ni kwamba haibebi umeme uliohifadhiwa bali huutengeneza safarini kupitia kifaa kiitwacho seli ya fueli. Wazo lenyewe si geni, kwani mwanasayansi William Grove wa Wales alilionyesha mnamo 1839.

Ndani ya seli hiyo, haidrojeni hupitishwa upande mmoja na hewa yenye oksijeni upande wa pili, utando mwembamba ukiwa katikati. Utando huo huruhusu protoni za haidrojeni kupita, lakini huzizuia elektroni. Elektroni hulazimika kuzunguka kupitia waya, na mzunguko huo ndio umeme unaosukuma mota. Mwishowe zote hukutana na oksijeni na kuwa maji.

Kwa hivyo kinachotoka si moshi, bali maji na joto.

Watengenezaji waliifanya seli hiyo itoshee katika sanduku lile lile lililokuwa la betri. Hata walilazimika kuiongezea uzito makusudi, kwa kuwa foklifti hutegemea uzito wa betri ili isipinduke inapoinua shehena.

Faida yake kubwa ni muda. Dereva hujaza gesi kwa dakika tatu hivi na kurejea kazini, na nguvu haipungui hadi tangi likaribie kuisha.

Kiwanda cha magari cha BMW huko Spartanburg, Marekani, kilianza kutumia foklifti za aina hii mwaka wa 2010. Mwaka uo huo, Walmart ilizitumia katika ghala lake la vyakula baridi huko Balzac, Kanada. Mnamo 2017, Amazon na Walmart zilitia saini mikataba mikubwa na kampuni ya Plug Power ya jimbo la New York, inayotengeneza seli hizo. Kufikia 2022, Amazon ilisema ilikuwa na seli zaidi ya 15,000 katika maghala zaidi ya 70.

Mbona roboti hazitumii haidrojeni?

Mtu aweza kuuliza: ikiwa gesi hii ni bora hivyo, kwa nini roboti ndogo za rafu bado hutumia betri?

Jibu ni kwamba roboti haina haraka ya dereva. Ikiishiwa na chaji, hujiendea yenyewe kwenye kituo, hujichaji kwa dakika chache na kurejea. Ziko nyingi kiasi kwamba moja ikipumzika, nyingine hushika nafasi yake. Hakuna mshahara unaopotea wakati huo.

Haidrojeni, kinyume chake, ilivutia kwa sababu palikuwa na mtu ambaye muda wake ulilipiwa akisubiri betri ibadilishwe. Kwa maneno mengine, thamani ya gesi hiyo ghalani imetokana kwa kiasi kikubwa na kuwapo kwa dereva. Siku dereva atakapoondolewa, sehemu ya hoja ya haidrojeni nayo itaondoka.

Isitoshe, betri za lithiamu zimeboreka. Hizi huchajiwa kwa muda mfupi wakati wa mapumziko ya chai, wala hazihitaji kubadilishwa.

Gharama na hatari

Kisha kuna hesabu ya kawi. Ili kupata kilo moja ya haidrojeni kwa kupasua maji kwa umeme, huhitajika takriban yuniti 50 hadi 55 za umeme. Kilo hiyo hubeba yuniti 33 za kawi, na seli ya fueli hurudisha takriban nusu tu ya hizo. Hivyo basi, kati ya yuniti 55 zilizotumika, foklifti hupata 16 au 17. Betri ya lithiamu ingerudisha sehemu kubwa ya umeme ulioingizwa.

Sehemu kubwa ya haidrojeni duniani pia hutengenezwa kutokana na gesi asilia, kazi inayotoa hewa ya kaboni inayochangia ongezeko la joto ulimwenguni. Foklifti yaweza kuwa safi ghalani huku uchafu ukibaki kiwandani.

Ili kukwepa hilo, Amazon ilitangaza mwishoni mwa 2023 kuwa imeweka mtambo wa kupasulia maji katika ghala lake la Aurora, jimbo la Colorado, ili gesi itengenezwe papo hapo.

Serikali ya Marekani imechangia pakubwa kuistawisha teknolojia hii kwa misaada na nafuu za kodi. Hata hivyo, biashara haijawa rahisi. Mnamo Novemba 2023, Plug Power yenyewe iliwaonya wenye hisa kuwa kulikuwa na shaka iwapo ingeweza kuendelea na shughuli bila kupata mtaji zaidi.

Usalama nao si jambo la kupuuzwa. Haidrojeni haina harufu na ndimi zake za moto hazionekani vyema mchana. Hushika moto hata ikiwa asilimia nne tu ya hewa. Kwa bahati nzuri ni nyepesi mno na hupaa haraka, kwa hivyo vifaa vya kuinusa huwekwa darini. Mei 2018, mfanyakazi mmoja alifariki katika kiwanda kimoja jimboni Louisiana baada ya foklifti ya haidrojeni kulipuka.

Funzo kwa Kenya

Humu nchini, mkakati wa kitaifa wa haidrojeni ya kijani ulizinduliwa Septemba 2023 jijini Nairobi, wakati wa Kongamano la Afrika kuhusu Tabianchi. Kenya ina sababu ya kujipigia kifua, kwani takriban asilimia 90 ya umeme wake hutokana na mvuke wa ardhini kama ule wa Olkaria, maji, upepo na jua.

Mkakati huo, hata hivyo, hauanzii kwenye foklifti. Unatanguliza mbolea, bidhaa ambayo nchi huagiza kwa fedha nyingi za kigeni na ambayo haiwezi kutengenezwa kwa betri. Amonia inayotumiwa katika mbolea huhitaji haidrojeni yenyewe.

Hesabu ya maghala ya Mombasa au Nairobi ni tofauti na ya Marekani. Hapa, magunia ya chai na mahindi bado hubebwa mabegani na makuli, na ujira wao ni mdogo kuliko bei ya mtambo. Mwenye ghala hana haraka ya kununua roboti ilhali mabega ni rahisi.

Lakini urahisi huo si ngao ya kudumu. Bei ya mashine hushuka kila mwaka, na betri zikiwa nafuu, foklifti ya umeme itafika ghalani kabla ya roboti na kabla ya haidrojeni. Kuli anayejua kuiendesha na kuitengeneza atakuwa na kazi. Asiyejua atabaki langoni.

Wahenga walinena kuwa mwenye macho haambiwi tazama. California ilitunga sheria ya kasi ya kazi miaka tisa baada ya Amazon kununua roboti zake za kwanza, na katika muda huo wafanyakazi wengi walikuwa wameshaumia. Kenya bado ina nafasi ya kuwafunza makuli wake na kuweka kanuni kabla mashine hazijashushwa bandarini.