Morogoro–Dar: Treni au basi, ipi inalipa?

MFANYABIASHARA wa Morogoro anayefuata bidhaa Kariakoo ana njia mbili kubwa za kwenda na kurudi siku hiyo hiyo: basi la barabara kuu na treni ya umeme ya reli ya kisasa (SGR). Wengi hulinganisha bei ya tiketi peke yake. Hesabu hiyo haitoshi, kwani gharama ya safari ina sehemu tatu: nauli, muda na mzigo.

NAULI

Shirika la Reli Tanzania (TRC) lilianza kusafirisha abiria kwa SGR kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024. Nauli iliyopangwa na LATRA kwa mtu mzima, treni ya kawaida, ilikuwa sh. 13,000.

Kwa upande wa mabasi, viwango vya LATRA vya Desemba 2023 vilikuwa sh. 48.47 kwa kilomita kwa daraja la kawaida na sh. 67.84 kwa daraja la kati. Kwa umbali wa kilomita 190 hivi, hiyo ni karibu sh. 9,200 na sh. 12,900. Kwa viwango hivyo, basi la daraja la kati limepishana na treni kwa sh. 100 tu. Ushindani wa kweli uko kwenye basi la kawaida, ambalo kwenda na kurudi linampunguzia msafiri sh. 7,600.

MUDA

Mabasi hayaruhusiwi kuzidi mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Hata lisiposimama popote, basi haliwezi kumaliza kilomita 190 kwa chini ya saa mbili na dakika 20. Kuna kupakia na kushusha Chalinze, Mlandizi na Kibaha. Aidha, kituo kikuu cha mabasi cha Magufuli kiko Mbezi, zaidi ya kilomita 20 kutoka Kariakoo, na hapo abiria huanza safari ya pili katika foleni za jiji.

Treni, ambayo mwendo wake hufika kilomita 160 kwa saa, hutumia chini ya saa mbili na kuingia katikati ya jiji. Kutoka stesheni, Kariakoo ni mwendo wa miguu.

Ikichukuliwa kwamba msafiri wa treni anaokoa saa mbili kila upande, saa nne hizo zinamgharimu sh. 7,600 za ziada, yaani sh. 1,900 kwa saa. Mwenye duka ambaye saa moja dukani humpa faida inayozidi kiasi hicho, treni inamlipa. Ambaye hafikii hapo, basi la kawaida bado ni lake.

MSHAHARA

Hesabu hubadilika kwa anayetaka kulala Morogoro na kufanya kazi Dar kila siku. Kwa siku 22 za kazi, nauli ya treni ni sh. 572,000 kwa mwezi. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipopandishwa Julai 2025 kilifikia sh. 500,000. Mshahara huo wote usingetosha tiketi.

Kwa viwango vile vile vya 2024, Pugu ilikuwa sh. 1,000, sawa na sh. 44,000 kwa mwezi, na Soga sh. 4,000, sawa na sh. 176,000. Hili liwaguse wanaonunua viwanja. Anayejenga nyumba za kupangisha Morogoro kwa matumaini ya wapangaji watakaoshinda Dar kila siku anawalenga watu wachache wenye kipato kikubwa. Kwa wafanyakazi wa kawaida, stesheni za karibu na jiji ndizo zenye hesabu inayokubali, mradi ratiba ifuatiliwe kwanza, kwani treni za haraka hazisimami kila stesheni.

MZIGO

Biashara kubwa ya Milima ya Uluguru na Dar ni mazao: kabichi, karoti na njegere za Mgeta na Nyandira, ndizi na matunda ya Matombo na Kinole. Hapa treni ya abiria haishindani. Magunia na matenga hupanda lori, na sehemu ngumu ya safari ni ile ya juu mlimani, ambako masika hugeuza barabara kuwa utelezi na mzigo kuchelewa kufika mjini. Saa zilizopotea huko haziwezi kurudishwa na mwendo wa treni.

Hata hivyo, mwenye mzigo si lazima asafiri nao. Anaweza kuutanguliza kwa lori usiku, kisha akapanda treni kuwahi kupanga bei na wanunuzi wa jijini na kurudi jioni. Kwa namna hiyo lori na treni hufanya kazi pamoja.

Kwa ufupi, anayekwenda Dar mara moja au mbili kwa wiki na mkoba wa fedha na oda ana sababu ya kupanda treni. Mwenye gunia abaki barabarani. Mwenye mshahara mdogo asihamie Morogoro kabla ya kuzidisha nauli mara 44.