Ngome ya Jirani Tusiyoijua

Wazee wetu husema kuwa nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Sisi wa kisiwa hiki tuna msiba wa namna nyingine: twalala ndani ya nyumba yetu, ila zake twazijua zote, lakini nguzo zake hatujapata kuzitazama. Somo hilo nilifunzwa ugenini, siku moja ya matembezi, nami naona yafaa kulieleza hapa ili wananchi na viongozi walifikirie pamoja.

Nilikuwa mwanafunzi Maskati, nchini Oman. Ijumaa moja, wanafunzi watano tulichanga fedha za gari, tukaondoka alfajiri kwenda Nizwa, mji mkongwe ulio bara, mwendo wa kama kilomita 160. Mmoja wetu alikuwa Myemeni, mmoja Mhindi, wawili wenyeji wa nchi, na mimi mtoto wa Vitongoji. Tulifika mnada wa mbuzi ukiwa umepamba moto, wauzaji wakiwazungusha wanyama wao mbele ya wanunuzi walioketi duara. Tulikula halua, tukanywa kahawa, kisha tukapanda ngomeni.

Mnara mkubwa wa duara wa ngome ya Nizwa ulijengwa katika karne ya 17 na Imamu Sultan bin Seif, yule aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Yasemekana ujenzi wake ulichukua miaka 12. Ngazi zake ni nyembamba, zimejaa kona na mitego, na juu ya milango pana matundu ya kumwagia adui asali ya tende iliyochemshwa. Nami, kwa kutaka kuonekana mjuzi, niliwaeleza wenzangu kuwa majeshi ya Imamu Seif, mwanawe Sultan huyo, ndiyo yaliyoiteka Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698.

Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kivulini alitusikia. Alinisemesha kwa Kiswahili safi, maana naye alizaliwa Pemba. Nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Kwenu wapi?"

"Vitongoji, babu."

"Basi wewe u jirani wa Mkama Ndume. Hebu waeleze rafiki zako ngome ya Pujini ikoje."

Sikuwa na la kusema. Nilikuwa nimevuka bahari kwenda kutazama ngome ya watu, na ya Pujini, ambayo kwa baiskeli kutoka kwetu ni safari ya asubuhi moja, sikuwahi kuitia machoni. Mzee hakunicheka. Alinitazama tu, akabadilisha mazungumzo. Afadhali angenicheka.

Niliporudi nyumbani, jambo la kwanza nililofanya ni kuwakusanya wenzangu niliosoma nao skuli, tukaenda Pujini siku nzima. Kati yetu saba, sita ilikuwa mara yao ya kwanza. Wataalamu wa mambo ya kale huihesabu ngome ile kuwa ya karne ya 15, yaani ilikwisha kusimama kabla ya mnara wa Nizwa kufikiriwa. Tuliuona ukuta wa udongo ulioizunguka. Tulisimama penye kisima ambacho, kwa masimulizi ya wazee, kiligawanywa kwa ukuta ili wake wawili wa Mkama Ndume wasikutane wakati wa kuteka maji. Tulikumbushana pia namna mtawala huyo anavyosimuliwa kuwa aliwatesa watu wake, akiwalazimisha kuchukua mawe huku wakijikokota kwa makalio. Mmoja wetu alisema maneno ambayo sijayasahau: kwamba mawe haya yalibebwa na babu zetu, na sisi hata kuja kuyapa pole hatukuja.

Hapana shaka wapo watakaosema kuwa matembezi ni anasa ya wageni, na kwamba mwananchi mwenye shamba la muhogo hana nafasi ya kwenda kutazama magofu. Sikubaliani na fikra hiyo. Mtoto anayesoma habari za Misri na Roma darasani, asijue kilichopo wilayani mwake, hujifunza bila ya kuambiwa kuwa mambo makubwa hutendeka kwa wengine tu. Elimu ya namna hiyo ina upungufu.

Kwa hiyo yatupasa kuwaomba wahusika mambo matatu, wala hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, kila skuli ya Pemba itenge siku moja kwa mwaka ya kuwapeleka wanafunzi Pujini, Ras Mkumbuu au kwenye makumbusho yaliyomo katika ngome kongwe ya Chake Chake. Pili, mahali hapo pasikose maelezo ya Kiswahili, kwa kuwa wenyewe ndio wenye haki ya kwanza ya kusoma habari zao. Tatu, wazee wa vijiji vya jirani waitwe kuwasimulia watoto maadamu wangali hai, na waliyonayo yaandikwe.

Nasi wazazi tusingoje kila kitu kutoka serikalini. Siku ya mapumziko inatosha, pamoja na chakula cha kufungasha na mzee mmoja wa kuongoza njia. Mtoto wa Vitongoji atakayesafiri kesho kwenda kusoma ataulizwa kwao kuna nini. Tusimwache ainamishe kichwa kama nilivyoinamisha mimi.