Kabla ya Kumlipa Fundi: Dosari za Onyesho katika Duka la Programu la Linux

Baadhi ya kompyuta mpakato zilizotumika zinazouzwa madukani huja zikiwa na mfumo wa Linux, hasa Ubuntu au Linux Mint. Mfumo huo hautozwi ada ya leseni, na huenda vizuri hata kwenye mashine iliyochoka. Kwa mnunuzi mwenye bajeti ndogo hilo ni jambo jema. Makala haya yanahusu sehemu moja tu ya mfumo huo, nayo ni dirisha la kuwekea na kuondolea programu, ambalo wengi huliita duka la programu. Tunalizungumzia kwa sababu mara nyingine dirisha hilo huonyesha jambo lisilo kweli, na mtumiaji akiliamini hutoa fedha pasipo sababu.

Chukulia mwenye stationari pale Kigongo, upande wa Misungwi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, msafiri halazimiki tena kukaa akisubiri kivuko, na mteja asiyehudumiwa upesi huvuka akatafute huduma Busisi au Sengerema. Mwalimu ameleta mtihani wa kuchapwa. Mwenye stationari anahitaji programu moja ya kuufungua, hivyo anawasha intaneti ya simu na kubofya kitufe cha kuweka. Mstari wa maendeleo unafika robo tatu, unaganda. Anafunga dirisha, anafungua, anabofya tena. Mara ya tatu bando linaisha. Fundi anayeitwa anatazama skrini kwa dakika moja na kusema mashine imeharibika, lazima “ipigwe window”. Analipwa, anaufuta mfumo wote, na mafaili ya wateja ya miaka mitatu yanakwenda nao kwa kuwa hakuna aliyeuliza kama kuna nakala. Mfano huu tumeutunga, lakini kila kipande chake hutokea. Na katika hali ya namna hii huenda programu ilikuwa imekwisha kuwekwa tangu bofyo la kwanza, ila mstari haukupata habari.

Daftari na anayesoma daftari

Ili kuelewa jinsi hilo linavyowezekana, ni lazima kwanza tutenganishe maneno mawili. Wanaofasiri istilahi za kompyuta huita fungu la mafaili ya programu “kifurushi”. Kwa Mtanzania wa leo kifurushi ni kile anachokinunua kwenye kampuni ya simu. Katika makala haya fungu la programu tutaliita paketi, na intaneti ya simu tutaiita bando.

Ubuntu na Linux Mint zimejengwa juu ya Debian, mradi ulioanzishwa mwaka 1993. Katika jamii hiyo ya mifumo, kazi halisi ya kuweka paketi hufanywa na programu ndogo iitwayo dpkg. Ndiyo yenye daftari, yaani faili lililopo kwenye /var/lib/dpkg/status, ambamo kila paketi iliyowekwa huandikwa pamoja na toleo na hali yake. Juu ya dpkg kuna APT, inayotafuta paketi kwenye mtandao na kuhakikisha kila moja imepata paketi nyingine inazozitegemea. Juu ya APT mara nyingi kuna mpatanishi mwingine aitwaye PackageKit, na ni juu yake ndipo linapokaa dirisha lenye picha, nyota na vitufe.

Wakazi wa Kigongo wanaokumbuka foleni za kivuko watatuelewa upesi. Aliyesimama nyuma kabisa hakukiona kivuko, bali aliisikia habari iliyopita kwenye vinywa vya watu kumi. Akiambiwa “kimejaa” huenda kilikuwa kimejaa kweli, au kilikuwa kimejaa nusu saa iliyopita, au mtu wa sita alisikia vibaya. Dirisha la duka la programu ndilo mtu wa nyuma ya foleni. Halisomi daftari moja kwa moja kila dakika. Hupokea ujumbe, huuhifadhi, kisha huonyesha ulichohifadhi. Ujumbe ukichelewa au ukipotea njiani, skrini hubaki na habari ya zamani ilhali kazi imekwisha.

Huo ndio msingi wa dosari nyingi za onyesho. Kitufe huendelea kusema “weka” kwa programu iliyokwisha kuwekwa, au husema “ondoa” kwa programu ambayo haipo tena. Orodha ya masasisho huonekana tupu kwa sababu nakala iliyohifadhiwa ni ya wiki iliyopita. Mstari wa maendeleo nao ni makadirio tu. Mara nyingi hupimwa kwa hatua, wala si kwa muda, hivyo paketi kubwa moja yaweza kuusimamisha kwa dakika kumi bila kuwepo tatizo lolote.

Lipo jambo la ziada ambalo watumiaji wengi hawalijui: kwa paketi za kawaida za Debian, kufunga dirisha si lazima kusimamishe kazi. PackageKit huendelea nyuma ya pazia. Kwa sababu hiyo anayefunga na kufungua tena aweza kukuta ujumbe kwamba daftari limefungwa na mwingine. Asilifute faili la kufuli, kama anavyoweza kushauriwa na jirani. Kufuli hilo lipo ili watu wawili wasiandike kwenye daftari moja kwa wakati mmoja.

Takwimu za ukubwa

Hapa ndipo mfuko wa mtumiaji unapoguswa zaidi. Ukubwa unaoandikwa chini ya jina la programu waweza kuwa ukubwa wa kupakua, au ukubwa itakaochukua kwenye diski baada ya kufunguliwa, na si madirisha yote yanayosema ni upi kati ya hiyo miwili. Tofauti yake yaweza kuwa mara tatu au zaidi. Pengine dirisha huhesabu paketi yenyewe tu, bila zile inazozitegemea, na anayepakua kwa bando hushangaa salio linavyoyeyuka. Kwa paketi za aina ya Flatpak mambo hugeuka: takwimu yaweza kuwa kubwa kuliko kitakachopakuliwa, kwa kuwa sehemu zinazofanana na zilizomo tayari kwenye mashine hazipakuliwi upya.

Kuna pia suala la vipimo. Programu nyingine huhesabu megabaiti kuwa baiti 1,000,000 na nyingine huhesabu 1,048,576, hivyo “500” ya dirisha moja ni takriban 524 ya jingine. Si wizi, ingawa anayesoma salio lake kwa makini ana haki ya kuuliza.

Anayekatikiwa na intaneti katikati asikate tamaa. APT huhifadhi kipande kilichokwisha kushuka na aghalabu huendelea pale ilipoishia. Kwa hiyo kubofya tena hakumaanishi kulipia upya kila kitu, ilimradi mtu hajafuta mfumo mzima kwa ushauri wa haraka.

Dosari za rangi na maandishi hazigharimu kitu, hivyo tutazipita upesi. Synaptic, msimamizi wa paketi wa siku nyingi, huendeshwa kwa mamlaka ya mkuu wa mfumo, na kwa hiyo haisomi mipangilio ya rangi na ukubwa wa herufi aliyoichagua mtumiaji. Ndiyo maana maandishi yake yaweza kuonekana madogo mno au kufifia kwenye mandhari nyeusi. Viboksi vyake vina maana: kijani ni paketi iliyowekwa, cheupe ni isiyowekwa, na chekundu ni paketi iliyovunjika, ambayo hiyo kweli inahitaji kushughulikiwa. Mwaka 2017, Ubuntu 17.10 ilipobadili njia ya kuchora madirisha, Synaptic iligoma kufunguka kwa njia ya kawaida. Wengi walidhani imeharibika, ilhali mfumo mpya ulikuwa umekataza programu ya mkuu wa mfumo kuchora kwenye skrini ya mtumiaji.

Aliyechagua Kiswahili kuwa lugha ya kompyuta ataona mchanganyiko wa Kiswahili na Kiingereza kwenye dirisha lilelile. Hilo nalo si kuharibika. Ni tafsiri isiyokamilika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliifanya kazi hiyo mapema kupitia mradi wa Kilinux, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na kwa maoni yetu inasikitisha kwamba waliofuata nyayo zake ni wachache.

Namna ya kuliuliza daftari

Njia ni fupi kuliko inavyodhaniwa. Fungua dirisha la amri na uandike dpkg -l likifuatiwa na jina la paketi, kwa mfano dpkg -l vlc. Tazama herufi mbili za mwanzo wa mstari wa mwisho. Zikiwa ii, paketi imewekwa na iko sawa, hata skrini ya duka iseme nini. Zikiwa rc, iliondolewa na kilichobaki ni mipangilio yake tu. Zikiwa iU au iF, kazi ilikatika katikati, jambo la kawaida umeme unapokatika wakati wa kuweka programu. Hapo andika sudo dpkg --configure -a, nayo dpkg itamalizia ilipoachia. Amri hiyo haigusi mafaili yako. Ama paketi za Snap na Flatpak, zenyewe zina madaftari yao, na huulizwa kwa snap list na flatpak list.

Mstari ukiganda, usizime kompyuta kwa kubonyeza kitufe cha umeme. Angalia kwanza kama simu inayotoa intaneti bado inapeleka data. Baada ya kusubiri kwa muda wa kutosha, funga dirisha na uulize daftari.

Hata hivyo tusielewe kwamba kila ujumbe wa skrini ni wa kupuuzwa. Mwezi Novemba 2021 Linus Sebastian, mtangazaji wa Kanada anayejulikana kwa video za kompyuta, alijaribu kuweka Steam kwenye mfumo wa Pop!_OS. Dirisha la duka lilikataa kwa ujumbe usioeleza vya kutosha. Akahamia kwenye dirisha la amri, akaonywa kwamba paketi muhimu zitaondolewa, akaandika sentensi nzima ya kuthibitisha kama alivyotakiwa, na sehemu yote ya mfumo inayochora madirisha ikaondoka. Dirisha lilikuwa limekataa kwa haki, kwani paketi zilikuwa na mgongano wa kweli. Kosa la onyesho lilikuwa kutosema sababu. Baadaye APT yenyewe ilifanywa iwe ngumu zaidi kukubali ombi la namna hiyo. Kwa hiyo ukiona onyo linaloorodhesha paketi nyingi zitakazoondolewa, simama hapo.

Dosari ya hatari zaidi ni ile isiyoonekana kuwa dosari. Skrini inaandika kwamba kila kitu kimesasishwa, na mtumiaji anatulia. Lakini matoleo ya Ubuntu yana umri. Yale ya muda mrefu hupewa masasisho ya kawaida kwa miaka 5, na yale ya kati kwa miezi 9 tu. Ubuntu 18.04 ilifikia mwisho wa muda huo mwaka 2023, na 20.04 mwaka 2025. Mashine yenye toleo lililokwisha muda yaweza kuonekana haina sasisho linalosubiri, kwa sababu tu hakuna jipya linaloletwa. Kabla ya kununua, mwombe muuzaji afungue mipangilio na akuonyeshe namba ya toleo. Tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka lilipotoka. Muuzaji anayekataa kukuonyesha amekwisha kukujibu.

Fundi, risiti na malalamiko

Fundi mwadilifu atakuambia amekuta nini kabla ya kutaja bei. Mwulize amesoma wapi kwamba mfumo umeharibika: kwenye skrini ya duka au kwenye daftari? Mwulize pia mafaili yako atayahifadhi wapi kabla ya kufuta chochote. Kompyuta ikiwa na taarifa za wateja wako, kama vile nakala za vitambulisho na vyeti ambavyo kila stationari huviskani, kumbuka kwamba zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ziondoe au zihamishe kwanza, mashine ndipo iende kwa fundi.

Dosari ya onyesho haikupi haki ya kurudisha kompyuta, kwa kuwa kifaa chenyewe ni kizima. Lakini muuzaji aliyekuambia toleo ni jipya ilhali ni la zamani amekupotosha kuhusu bidhaa, na lalamiko hilo hupelekwa Tume ya Ushindani, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Lalamiko la bando lililokatwa isivyoeleweka huanzia kwa kampuni ya simu. Omba namba ya kumbukumbu, na usiporidhika na jibu ndipo uilete Mamlaka ya Mawasiliano pamoja na tarehe, saa na kiasi cha data ulichopakua. Picha ya skrini ya duka la programu pekee haitatosha kuthibitisha kiasi hicho, kwa sababu tulizokwisha kuzieleza. Iambatanishe na faili la /var/log/apt/history.log, ambalo huorodhesha kila paketi iliyowekwa kupitia APT, pamoja na tarehe na saa yake.