Songea kwa Baiskeli ya Changarawe

Baiskeli ya changarawe ina usukani uliopinda kama wa baiskeli ya mashindano, lakini matairi yake ni mapana, mara nyingi milimita 35 hadi 50, na hujazwa upepo wa wastani ili yashike barabara ya vumbi.

Anayeiendesha karibu na mji wa Songea, kusini mwa Tanzania, atakuta milima ya Matogoro, yenye msitu wa hifadhi na chanzo cha Mto Ruvuma.

Kiangazi, Juni hadi Oktoba, ndicho kinachofaa kwa safari hiyo. Mvua huleta utelezi. Anayeingia msituni aombe kibali kwanza.