Kabla ya kufunga winchi, uliza fyuzi iko wapi

KAMPALA. Barabara ya kutoka Nimule hadi Juba, kilomita 192, ina lami tangu 2012. Lakini mfanyabiashara anayeendelea mbele ya Juba kuelekea Yei, au anayeingia vijiji vya Kongo kupitia Bunagana, anajua kwamba mvua ikinyesha, tope ndilo linalopanga ratiba. Ndiyo maana winchi ya umeme, ile inayofungwa kwenye bampa ili gari lijivute lenyewe, ni kifaa anachokitafuta mwenye gari kwa mafundi wa Kisekka na Katwe kabla ya safari.

Mnunuzi huuliza bei, nguvu ya kuvuta na urefu wa kamba. Swali la fyuzi mara nyingi halimjii, na hapo ndipo mzigo unapoweza kuteketea.

Winchi ya ratili 9,500, yaani karibu tani 4.3, ikivuta kwa nguvu zake zote kwenye betri ya volti 12 hula ampea 400 hivi. Huo ni umeme wa pasi nne au tano za nyumbani zikiwaka pamoja. Taa za mbele za gari zina fyuzi yake, redio ina yake, hata honi ina yake. Winchi nyingi, ambazo ndizo zinazokula umeme kuliko vifaa hivyo vyote, hutoka kiwandani bila fyuzi. Waya hutoka moja kwa moja kwenye betri hadi kwenye rilei kubwa ya winchi, na una umeme saa zote, hata gari likiwa limezimwa na ufunguo uko mfukoni.

Sasa fikiria foleni ya Jinja Road. Gari linagonga la mbele yake kidogo tu, bampa linarudi nyuma na kuubana waya kwenye chuma. Betri nzuri inaweza kutoa zaidi ya ampea 1,000 kwa shoti ya namna hiyo. Waya huwa mwekundu kama kaa la moto, mpira wake huwaka, na hakuna cha kuukata. Katika lori lililopakiwa Arua Park, bidhaa za watu kadhaa zimo humo, na mwenye gari si yeye peke yake atakayepata hasara.

Dawa ni fyuzi kubwa ya kufungwa kwa bolti, ya aina isiyokatika haraka, iwekwe karibu kabisa na betri. Ikiwekwa karibu na winchi, kipande chote cha waya kilicho kati yake na betri kinabaki bila ulinzi. Wapo mafundi wanaopinga kwamba fyuzi itakatika gari likiwa katikati ya tope. Hoja yao si ya kupuuzwa, ila fyuzi ya aina hiyo huvumilia mvuto mzito wa muda mfupi, na shoti yenye umeme zaidi ya maradufu ndiyo huikata upesi. Kazi yake ni kulinda waya, hivyo ukubwa wake hupimwa kwa unene wa waya. Waya ukiwa mwembamba, badilisha waya. Kuongeza fyuzi hakusaidii. Na anayeziba pengo la fyuzi kwa kipande cha waya amerudi pale pale alipoanzia.

Kifaa cha pili ni swichi ya kukatia umeme. Rilei ya winchi inaweza kugandana kwa joto, utingo akaachia kitufe na kamba ikaendelea kujikunja. Asipoweza kuukata umeme mara moja, kamba itakatika au kitu kitang'oka, na mkono ukiwa karibu ni balaa. Swichi iwe mahali anapoifikia mtu aliyesimama nje, bila kufungua boneti, na ibaki imezimwa safari nzima hadi winchi inapohitajika. Ikae kwenye waya wa winchi pekee: ukikata betri nzima injini ikiwa inanguruma, unaweza kuiua alteneta. Soma pia ampea zilizoandikwa juu yake. Swichi ndogo ya ufunguo mwekundu, ambayo nyingi ni za ampea 100 hivi za mfululizo, haikutengenezwa kwa kazi hii.

Waya unapopita kwenye tundu la chuma uvishwe mpira, na ukae mbali na ekzosi. Waya wa hasi urudi hadi kwenye betri, usiishie kwenye bodi yenye kutu.

Wenye malori wana mtego wao. Fuso nyingi zina volti 24, yaani betri mbili zilizounganishwa. Winchi ya volti 12 ikifungwa kwenye betri moja tu kati ya hizo, itafanya kazi, kisha betri hiyo itaishiwa huku mwenzake ikichajiwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa mapema. Lori la volti 24 linataka winchi ya volti 24, na fyuzi inayostahimili volti hizo.

Kazi ikimalizika, lipa baada ya majaribio. Washa injini, winchi ivute gari lenye mzigo kwa dakika moja, kisha pitisha kiganja karibu na maungio ya waya. Ungio linalochoma lirudishwe kwa fundi papo hapo, gari likiwa bado Katwe.